Seli Shina Katika Sanduku la Samaki

Ukinywa kitu cha baridi mjini Juba mchana wa mwezi wa tatu, jua likiwa limekaa juu ya mabati kama limelipwa kukaa pale, basi umekunywa kazi yangu. Wapo wengine wanaouza barafu, siwakatai. Lakini nusu yao niliwafundisha mimi na nusu nyingine wananiiga. Akina mama wa samaki wa soko la Konyokonyo, mahoteli ya kando ya mto, harusi, matanga, hata wale wakubwa wanaotembea na magari yasiyo na namba, wote hutuma mtu mtaa wa Munuki kwenye geti langu la bluu lenye nyota nyeupe ya theluji. Theluji yenyewe sijawahi kuiona. Ile nyota nilimwambia fundi wa rangi ainakili kutoka kwenye mlango wa friji, na akaitoa vizuri kuliko ilivyokuwa kwenye friji.

Shule niliishia darasa la nne, kambini Uganda. Darasa la tano nililichungulia dirishani, nikaona wanafanya yaleyale. Barafu nilijifunza kwenye kiwanda cha samaki karibu na ziwa, nikiwa mbebaji. Nilipokuja Juba nilikuja na msumeno mmoja na kichwa changu. Leo nina mashine mbili, jenereta tatu, watu kumi na mmoja wanaoniita bosi, na tumbo nililolijenga mwenyewe bila msaada wa shirika lolote.

Nayasema haya ili ujue katekista alimvunja mtu wa namna gani.

Mimi na mke wangu tumekaa pamoja miaka ishirini na minne. Ng'ombe wa mahari walikwenda kwa wazazi wake, watoto watano wakaja, lakini kanisani hatukuwahi kusimama. Kulikuwa na kukimbia, kurudi, kukimbia tena. Mwaka jana mke wangu akasema sasa yatosha, anataka kufunga ndoa mbele ya altare na kupokea komunyo kama wenzake, badala ya kubaki kwenye benchi akilinda mikoba ya watu. Nikakubali. Mimi si mtu wa kukataa jambo zuri, mradi nifanye kubwa kuliko la jirani.

Tukaenda ofisi ya parokia kuandikisha. Katekista alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimtazama mke wangu, akanitazama mimi, akafungua daftari na kusema kwa heshima kubwa:

"Umefanya vizuri, mzee, kumsindikiza binti yako. Na bwana harusi yuko wapi, anaegesha gari?"

Mke wangu alijizuia mpaka tulipofika garini. Halafu akacheka kutoka parokiani hadi Munuki, akipumzika kwenye mashimo ya barabara tu.

"Ningemwambia nini?" alisema. "Alikuwa na heshima yake. Alikuombea hata kiti."

"Nina miaka arobaini na tisa."

"Najua mimi. Uso wako haujui."

Kosa si langu. Mtu wa barafu mikono yake iko kwenye baridi na uso wake uko kwenye jua, miaka ishirini. Mikono yangu ni kama ya askofu. Lakini kuanzia shingoni kwenda juu, nilikuwa kama begi la ngozi lililosahauliwa kwenye paa la lori. Yeye ana arobaini na mbili, na mtu akimwambia thelathini hakuna wa kubisha.

Sasa siku zile akazidisha. Bibi harusi wa Juba anajiandaa kwa dukhan. Nyuma ya nyumba yetu kuna kibanda kidogo chenye shimo chini. Ndani ya shimo kuna makaa, juu ya makaa wanatupia mti wa talih, na mwanamke anakaa juu ya ule moshi akiwa amejifunika blanketi mpaka shingoni, anatoka jasho saa nzima. Anatoka pale ananukia kama duka la manukato, ngozi imeiva rangi ya asali. Dada zake walikuja kumsaidia, wanacheka mle ndani, wanapitishiana chai. Kila jioni ya tatu alitoka amepungua mwaka mmoja. Nilipiga hesabu: zilikuwa zimebaki wiki sita kufika harusi, na kwa mwendo ule angesimama altareni na miaka ya kwenda sekondari, mimi nikiwa pembeni kama babu aliyemlipia ada.

"Na mimi niingie kwenye moshi," nikamwambia.

"Moshi ni wa wanawake. Wewe utageuka samaki mkavu."

Hapo ndipo nilipokwenda kwa jirani yangu. Duka lake la jumla linatazamana na geti langu: Msomali wa Nairobi, mtu mwepesi wa ulimi, anauza mafuta ya kujipaka, sabuni, nywele za bandia, kila kitu cha uzuri. Nilimkuta amekaa juu ya katoni.

"Karibu, mzee."

"Usiniite mzee."

"Haya, kijana."

"Usinichokoze pia. Nionyeshe kitu cha uso. Si mafuta ya kuchubua. Nataka uso wangu uleule, ila wa zamani."

Akanitazama kwa muda, kama fundi anayetazama injini. Akatoa simu, akanionyesha video ya mama mmoja ambaye uso wake ulikuwa umekunjamana, halafu haukuwa umekunjamana.

"Hii ni seli shina," alisema. "Sikia, bosi. Ndani ya mwili kila seli iko na kazi yake. Ya ngozi ni ya ngozi, ya mfupa ni ya mfupa, haiwezi kuhama. Lakini kuna zingine hazijachagua kazi bado. Ukiziambia kuwa ngozi, zinakuwa ngozi. Ukiziambia kuwa damu, sawa tu."

Nilizipenda palepale. Ilikuwa kama ananisimulia maisha yangu. Nilipofika Juba na mimi nilikuwa sijachagua kazi. Waliponiambia beba tofali, nilikuwa mbeba tofali. Waliponiambia chimba kisima, nilikuwa mchimba kisima. Nimekuwa mpishi wa wanajeshi wiki mbili, na hakuna aliyekufa. Profesa aliyesoma miaka thelathini hawezi kesho kuwa kitu kingine. Mimi ningeweza. Kama kuna seli ya namna hiyo, basi hiyo ni ndugu yangu, na ndugu hawezi kunitupa.

"Zinatoka wapi?"

"Kwenye kitovu cha mtoto akizaliwa. Huko Asia wanazikuza maabara. Zile seli zinaogelea ndani ya maji, zinaacha nguvu zao mle, wanachukua yale maji wanatia chupani. Wewe unapitisha kigurudumu cha sindano ndogondogo usoni, unapaka, inaingia. Shida ni moja. Inataka baridi njia yote. Mara mbili nimeagiza kupitia Kampala, mara mbili imefika Nimule mpakani imeiva kama supu."

Nikacheka. Mtu anakaa mbele ya geti langu miaka minne, halafu ananiambia mimi kwamba shida ni baridi.

"Agiza," nikamwambia. "Kutoka mpakani mpaka hapa, niachie."

Mke wangu alipopata habari aliuliza swali moja tu.

"Kitovu cha nani?"

"Cha mtoto. Huko mbali."

"Kwetu kitovu kinazikwa, watu wajue mtoto ni wa wapi. Wewe unataka kujipaka kitovu cha mtoto wa watu, halafu mama yake akiulizwa kiko wapi, aseme kiko Munuki kwenye uso wa mwanamume."

Dada zake walicheka ndani ya moshi mpaka wakakohoa.

Mzigo ulichelewa. Uliponifikia ujumbe kwamba uko mpakani, harusi ilikuwa imebakiza siku tisa. Sikumtuma dereva. Dereva ni mzuri kwa samaki; hii ilikuwa sura yangu. Niliendesha mwenyewe hadi Nimule, nyuma nikiwa na sanduku langu la samaki lililo bora kuliko yote, lile la kupeleka sangara wa hotelini. Nililisafisha kwa ndimu mara tatu. Ndani niliweka mambo yangu, na hapa nitakupa siri ambayo washindani wangu wangeilipia. Barafu tupu ni ya wavivu. Ukitaka baridi ya kweli, unaiponda, unachanganya na chumvi ya mawe, kipande kwa kipande, halafu maranda ya mbao, halafu gunia lililoloweshwa. Baridi yake inashuka chini kabisa ya barafu yenyewe. Samaki akiingia humo anakuwa ubao. Unaweza kumpigilia misumari.

Jamaa wa Kampala alinikabidhi kiboksi kidogo cheupe, chupa tatu ndani, kila moja kubwa kama kidole gumba. Maandishi yalikuwa ya huko Asia, yale ya vijumba na vifimbo. Lakini pembeni niliona kitu ninachokijua: nyota ya theluji. Nyota yangu ileile, ya kwenye geti. Juu yake kulikuwa na mstari mmoja mwekundu umepita kwa mshazari, kama kamba iliyofunga mzigo. Nikaelewa bila kuuliza mtu: weka kwenye barafu, na ufunge kwa nguvu. Nikaongeza chumvi. Nikafunga kwa kamba mbili.

Kule barabarani askari wa kizuizi aliweka mkono juu ya sanduku, akautoa haraka.

"Una nini humu?"

"Uso," nikamwambia.

Alinitazama, akaniruhusu.

Nilipofika Juba, jirani yangu alifungua sanduku na kugonga chupa kwa kucha. Chupa zilikuwa ngumu kama mawe. Akasema hajawahi kuona mzigo wake ukifika na baridi hata kidogo, na sasa hii. Nilijua ni sifa. Siku mbili nikaziacha kwenye chumba changu cha baridi zikae na amani, na Jumatatu ya wiki ya harusi nikaiyeyusha moja kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, nikaketi mbele ya kioo cha kabati. Harusi ilikuwa Jumamosi. Jirani alikuja na kile kigurudumu, akanipitishia paji la uso, mashavu, kidevu. Maumivu yake ni kama kuku wadogo wanakudonoa wakiwa na hasira ya jambo ulilofanya. Kisha tukapaka. Yale maji yalikuwa na vipande vyeupe vinaelea, kama maziwa yanayoanza kukatika.

"Hivyo vipande ni nini?"

"Labda ndizo seli," alisema. "Sasa unaziona kwa macho. Pesa yako hiyo."

Jumanne asubuhi mke wangu aliingia na chai, akaiweka chini, akatoka. Nikasikia anaongea na dada zake nje. Kukawa kimya, na ukimya ule ndio ulionitisha, maana wale wanawake hawajawahi kunyamaza tangu waje. Nilikwenda kwenye kioo. Uso ulikuwa umejaa. Haukuwa na vidonda, haukuwa na usaha, ulikuwa umejaa tu, mwekundu na mzito, kama unga wa mandazi uliosahauliwa juani. Macho yalikuwa mistari miwili.

Aliitwa mtoto wa marehemu kaka yangu, binti anayefanya kazi ya nesi kwenye zahanati jirani. Kazi yake ni chanjo. Nimempeleka shule mimi, mpaka diploma, na sijawahi kumkumbusha isipokuwa pale anaposahau. Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku, akauliza kama napumua vizuri, kama koo linabana. Nikasema napumua kama ng'ombe. Akanipa vidonge, kisha akaomba kuona chupa. Akaitikisa, akaiinua kwenye mwanga, akatazama vile vipande vikishuka.

"Baba mdogo, hii iliganda?"

"Iliganda vizuri sana."

"Na hii alama uliiona?"

"Niliiona. Ni nyota yangu."

"Na huu mstari juu yake?"

"Kamba. Maana yake funga kwa nguvu."

Akakaa kitandani. Aliangalia sakafu kwa muda, mabega yakitikisika, na nilidhani analia.

"Maana yake usigandishe," alisema alipoweza kusema. "Hata chanjo zangu ziko hivyo. Zinataka ubaridi wa friji, juu kidogo ya barafu. Zikiganda zimekufa, natupa. Ulichopaka usoni ni maji mabovu, na umejitoboa matundu elfu moja yaingie vizuri."

"Kwa hiyo seli zilikufa."

"Baba mdogo, seli hai hazikuwamo. Seli shina zenyewe ni kazi ya madaktari, hospitali kubwa, kwa mtu aliyeungua moto na ngozi imekwisha. Na wenyewe bado wanajifunza. Humu mlikuwa na maji tu ambayo wanasema ziliogelea. Nani aliona zikiogelea?"

Halafu nikaona jambo ambalo yeye na diploma yake hakuliona. Barafu ya mtu mwingine yeyote hapa Juba ingeyeyuka kidogo njiani, na zile chupa zingefika zikiwa na ubaridi uleule wa friji, salama kabisa. Ni ya kwangu pekee iliyokuwa kali kiasi cha kuziua. Nikamwambia hivyo. Akasema ndiyo, hilo ni kweli, na akatoka nje kumalizia kicheko chake.

Lakini uvimbe, alisema, utachukua siku kumi. Hiyo haikuwa ya kucheka. Jumamosi ilikuwa siku nne mbele. Matangazo ya ndoa yalikwisha kusomwa Jumapili tatu, ng'ombe wawili walikuwa wamefungwa nyuma, ndugu wa mke wangu walikuwa njiani. Nilimwambia mke wangu tusogeze mbele kidogo.

Alikuwa anajipaka dilka mikononi, ule unga wa harufu wa kusugulia ngozi. Hakuinua kichwa.

"Nimekaa kwenye benchi lile miaka ishirini na minne. Siwezi kusubiri macho yako yafunguke. Utasimama pale na uso uliokuja nao."

"Watu watacheka."

"Watacheka. Halafu nitapokea komunyo."

Mwanamke akisema kwa sauti ndogo namna ile, mimi hunyoa ndevu.

Jumamosi nilivaa suti ya rangi ya maziwa niliyoshonewa Kampala. Uvimbe ulikuwa umepungua kwenye macho lakini mashavuni ulikuwa umekaa, na nitakwambia jambo la ajabu: hakukuwa na kunjo hata moja. Ngozi ilikuwa imenyooka, inang'aa kama puto. Kwa siku ile moja nilikuwa na uso wa mtu wa miaka ishirini na tano, mnene, aliyetoka kuumwa na nyuki. Watu wangu mwenyewe wa kiwandani walinipita mlangoni mwa kanisa bila kunitambua.

Tukasimama mbele. Padri akauliza kama kuna yeyote mwenye pingamizi juu ya ndoa hii. Kwa kawaida hapo watu hukohoa, basi. Mjomba wa mke wangu akasimama. Ni mzee aliyemlea baada ya baba yake kufariki, na alikuwa amefika asubuhi ileile kutoka upande wa Uganda, hajanitia machoni miaka kumi. Mimi na ukweni kwangu huongea Kiswahili, kwa kuwa lugha yao hunishinda ulimini, na Kiswahili chake alikipata jeshini.

"Padri, mimi hapana na shida na harusi," alisema. "Mimi iko na shida na huyu kijana. Sisi tulitoa mtoto wetu kwa mtu ingine."

Kanisa zima likavuta pumzi. Nilimwona mke wangu kwa pembeni. Hakuwa anacheka. Mikono yake ilikuwa imelikamata lile shada la maua mpaka majani yanakatika, na hapo nikaelewa kwamba mzee akikaza, siku hii inaondoka, na yeye anarudi kwenye benchi kwa ajili ya chupa yangu.

"Mjomba, ni mimi," nikasema.

"Kila mtu ni mimi. Wewe sema. Siku ya kwanza mkwe yangu kuja kwetu kambini kutaka msichana, yeye alileta nini?"

Ningeweza kusema mbuzi. Mtu mwongo angesema mbuzi.

"Nilileta barafu," nikasema. "Pande zima, kutoka kiwandani ziwani. Nilisafiri nalo juu ya lori siku nzima, nimelifunga kwenye gunia. Nilitaka muone kitu ambacho hakuna mkwe aliyewahi kuleta."

"Barafu iko wapi? Sisi hapana ona barafu."

"Mliona gunia."

"Gunia namna gani?"

"Lililolowa."

Mzee akawageukia watu waliokuwa nyuma yake.

"Ndiye," alisema. "Yeye alisimama mbele ya mama yake huyu msichana na gunia ya maji, akasema, mama, hii ilikuwa kubwa sana. Sisi tulicheka wiki mbili. Lakini msichana alikataa sisi kumfukuza. Padri, endelea na kazi."

Akakaa. Padri alihitaji muda kidogo, alikuwa ameinamia kitabu chake kwa karibu kuliko ilivyohitajika. Nilitaka kueleza kwamba lile pande kweli lilikuwa kubwa, na kwamba mwaka ule nilikuwa bado sijajua chumvi na maranda, lakini mke wangu akanibana kidole kwa kucha.

"Jibu unachoulizwa tu," alininong'oneza.

Nikajibu. Yeye akajibu. Alipomaliza kunivisha pete aliinua mkono, akanibonyeza shavu kwa ncha ya kidole, taratibu, pale palipojaa zaidi. Kikabaki kishimo. Akakitazama kinavyojaa tena polepole, kikundi kizima cha waimbaji kikisubiri, halafu akageuka kwenda kupokea komunyo yake.